Tuhamie wilaya ipi ya shule Marekani kwa ajili ya mtoto mwenye akili za kupitiliza? Wenye uzoefu njooni

#1 Mgeni_Ohio

Habari wakuu. Niende kwenye hoja.

Nina binti wa miaka saba, yuko darasa la pili hapa Columbus, Ohio. Nitaeleza niliyoyaona tu, msije mkasema najisifu. Mwezi uliopita nilikuwa natuma hela kwa dada yangu Morogoro, simu nimeilaza juu ya meza ya chakula. Mtoto akachungulia huku anatafuna, akasema: "Baba, usibonyeze. Wameandika bila makato, lakini bei ya dola wameishusha. Kwa dola mia mbili hizi hizi juzi shangazi alipata zaidi." Nikafungua kumbukumbu za miamala, nikapiga hesabu kwa kikokotoo. Alikuwa sahihi. Hakuandika popote, wala hakuna aliyewahi kumfundisha kubadilisha fedha.

Shuleni sasa hivi wanagawanya duara la keki vipande vinne. Karatasi yake anaimaliza mapema, anaigeuza, na nyuma anaandika namba tasa. Ya wiki iliyopita alifika 397. Mwalimu ameweka wino mwekundu: "Azingatie darasani."

Tangu Januari anaumwa tumbo kila asubuhi ya shule. Jumamosi haumwi.

Kazini kwangu (ghala) kuna nafasi mbili za kuhama: kaskazini mwa Virginia, au Dallas. Mama yake ni muuguzi. Kwa mlioko Bongo: hapa shule ya serikali unaipata kutokana na unapolala. Ukivuka barabara tu waweza kuwa wilaya nyingine ya shule, yenye bodi yake, fedha zake na taratibu zake. Hatuna uwezo wa shule binafsi. Kwa mtoto wa aina hii mngechagua wilaya ipi, na kwa kigezo gani? Nawasilisha.

#2 Kaka_Ngosha

Mkuu, njoo Fairfax County, Virginia. Kuna mpango wa watoto wenye kasi unaitwa AAP, una ngazi nne. Unayoitaka ni ya nne: kuanzia darasa la tatu mtoto anakaa na wenzake wa kasi yake kwa masomo yote ya msingi. Darasa la pili wanafunzi wote wanafanya mtihani wa CogAT (kipimo cha uwezo wa kufikiri), hivyo hakuna cha mtoto wa fulani.

Kijana wangu walimkataa mara ya kwanza. Tukakata rufaa, tukapeleka majibu ya WISC, kipimo cha akili anachofanyiwa mtoto mmoja mmoja, pamoja na daftari lake la kuchora mifereji ya maji, akapita. Mbele ya safari kuna Thomas Jefferson, sekondari ya sayansi. Mtihani wa kuingia ni mgumu, lakini huyo wako ataula.

#3 Dada_Pwani

Naweka kambi hapa. Wangu ana miaka minne na anasoma mabango yote ya barabarani, hatufiki tunakokwenda kwa maswali.

#4 Boksi_Dallas

Ngosha usimpeleke mwenzio kwenye pango la nyumba litakalomla mshahara wote.

Njoo Texas. Kila wilaya ya shule inawajibika kisheria kuwatambua watoto hawa na kuwahudumia. Kubwa zaidi ni hili: kuanzia darasa la kwanza mpaka la tano, mtoto akifanya mtihani wa darasa analotaka kuliruka na kupata asilimia 80 katika kila somo kati ya manne (lugha, hesabu, sayansi, maarifa ya jamii), shule ikapendekeza na mzazi akaridhia kwa maandishi, anarushwa darasa. Binti wa jirani yangu, Mnaijeria, aliruka la tatu hivyo hivyo. Akifika sekondari kuna TAMS pale Denton: miaka miwili ya mwisho anaishi na kusoma ndani ya Chuo Kikuu cha North Texas.

#5 KijanaWaTabora

Mnahangaika bure. Mleteni Bongo. Tuna shule za vipaji maalum: Ilboru, Kibaha, Mzumbe, Tabora Wavulana, Tabora Wasichana, Kilakala, Msalato. Nimesoma Tabora, bweni letu lilijaa vipanga wa mikoa yote na hakuna aliyekuwa anaumwa tumbo kwa kukosa hesabu. Ungekuta saa nane za usiku watu wamejifunika shuka na tochi, wanabishana swali la mekanika.

#6 Dada_Pwani

@KijanaWaTabora mtoto ana miaka SABA. Hizo shule zinaanza kidato cha kwanza. Hapo katikati amkabidhi nani?

#7 KijanaWaTabora

Bibi zake wapo.

#8 Mpita_Njia77

Mkuu usihame kabisa. Kuna sheria ya shirikisho inayowalazimisha wampe mpango wake mwenyewe wa masomo kwa maandishi. Wakikataa unawashtaki.

#9 Mwalimu_Prairie

Salaam. Mimi ni Mkenya, nafundisha Minnesota mwaka wa kumi na mbili. Naomba nirekebishe mawili matatu, maana mtu atahamisha familia kwa maneno ya humu.

@Mpita_Njia77, sheria unayoisema ni IDEA, na inahusu watoto wenye ulemavu. Mtoto mwenye kipawa, kama hana ulemavu, hana haki hiyo kwa shirikisho. Kuna sheria ya Javits ya 1988, lakini hiyo hutoa fedha za utafiti na miradi, haimpi mtoto wako dawati. Yaliyobaki ni ya jimbo, na majimbo hayafanani hata kidogo.

@Kaka_Ngosha, ule mtihani wa kuingia Thomas Jefferson uliondolewa 2020. Siku hizi kila shule ya kati inatengewa nafasi sawa na asilimia 1.5 ya wanafunzi wake wa darasa la nane. Kundi la wazazi lilikwenda mahakamani, na Februari 2024 Mahakama ya Juu ya Marekani ikakataa kuisikiliza kesi. Kwa hiyo kujibana kwenye mtaa wa vipanga watupu kunaweza kumpunguzia nafasi. Tena shule ile inapokea pia watoto wa wilaya jirani kama Loudoun na Arlington. Si lazima ulale Fairfax.

@Mgeni_Ohio, wewe uko jimbo ambalo wilaya LAZIMA imtambue mtoto, ila hailazimiki kumpa chochote baada ya kumtambua. Wengi hawalijui hilo. Wanapokea barua ya pongezi, wanaibandika kwenye friji, kisha wanasubiri mpaka mtoto anamaliza shule. Lakini Ohio hiyo hiyo inaitaka kila wilaya iwe na sera ya kuharakisha: kurusha darasa zima, au somo moja tu. Umewahi kuiomba?

#10 Mgeni_Ohio

Mwalimu, sijawahi kusikia habari hizo. Nilimuuliza mwalimu wake kwa mdomo, akasema kila mtoto ana kipaji.

#11 Mwalimu_Prairie

Ya mdomo haihesabiki. Andika barua, taja kwamba unaomba mtoto apimwe kipawa. Wana siku 90 kumpima. Na uandike barua ya pili, ya kuomba tathmini ya kuharakishwa. Usizichanganye, ni milango miwili tofauti.

#12 Bibi_Afya

Mgeni, nikuulize swali. Siku ya kumwandikisha shule, ile fomu inayouliza nyumbani mnaongea lugha gani, ulijaza nini?

#13 Mgeni_Ohio

Kiswahili. Ndiyo lugha tunayoongea.

#14 Bibi_Afya

Hapo ndipo penyewe. Wangu wa kwanza nilijaza hivyo hivyo, mji mwingine, shule siitaji. Akapelekwa mtihani wa Kiingereza akiwa na homa, siku ya pili tangu tushuke uwanja wa ndege, akashindwa. Miaka miwili akawa anatolewa darasani kwenda kwenye somo la Kiingereza, na saa waliyomtolea ilikuwa ya hesabu. Nimekuja kujua nilipomkuta jikoni anawafundisha wadogo zake kusoma hadithi za Kiingereza kwa sauti za kuigiza. Nilikaa chini nikalia.

Fomu si mbaya, na kusema uongo sikushauri. Ila ulizia amewekwa kundi gani, na wanamtoa saa ngapi.

#15 Mgeni_Ohio

Bibi_Afya nimesoma posti yako mara tatu. Nimemwamsha mama yake. Anasema Jumanne na Alhamisi huwa anatolewa "kwenda kwa Miss wa picha". Sisi tulidhani ni sanaa.

#16 Kaka_Ngosha

Duh.

#17 Damu_ya_Uvira

Ndugu zangu, na mimi nichangie. Niko Ohio pia, tumetoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Mtoto wetu alikuwa kwenye kundi hilo la Kiingereza na bado akatambuliwa kuwa na kipawa cha hesabu. Kuwa huko hakumzuii, mtu asikutishe. Walimpa mtihani wa maumbo, usio na maneno. Mimi mwenyewe nilikuwa nimesimama nje ya dirisha.

Naomba kuuliza na mimi: shule za wilaya hizo kubwa zinauliza karatasi za uhamiaji? Kuna shemeji yangu anaogopa hata kwenda kumwandikisha wake.

#18 Boksi_Dallas

Haziulizi wala haziruhusiwi kumnyima. Kesi ya Plyler dhidi ya Doe, 1982, ilitokea hapa hapa Texas. Wanachotaka ni ushahidi wa makazi (mkataba wa pango, bili ya umeme), pamoja na cheti cha kuzaliwa cha mtoto na chanjo. Mwambie shemeji aende kesho.

#19 Damu_ya_Uvira

Mungu akubariki.

#20 Nguli_wa_Maryland

Mbona hakuna anayeitaja Montgomery County? Tuna CES, madarasa ya wenye kasi kwa la nne na la tano. Ila niseme ukweli: tangu wakati wa Korona waliingiza bahati nasibu. Mtoto anafikisha alama, jina linaingia kwenye chungu, halafu mnasubiri. Wangu alifikisha, jina halikutoka. Rafiki yake mtaa ule ule akatoka. Kumweleza mtoto wa miaka tisa kwamba amefaulu lakini hajachaguliwa ni kazi nisiyomwombea mzazi yeyote.

Ndiyo maana naona wilaya tajiri zenye programu maarufu ni mtego. Foleni ni ya watoto wanaofundishwa kila Jumamosi tangu chekechea.

#21 Mwalimu_Prairie

Nguli umegusa penyewe. Ndiyo maana mimi huangalia kwanza kama wilaya inawapima watoto WOTE au inasubiri mzazi aombe. Mchumi David Card (yule wa Nobel ya 2021) na mwenzake Laura Giuliano walichunguza Broward County, Florida. Kuanzia 2005 wilaya ile iliwapima wanafunzi wote wa darasa la pili. Watoto weusi, wa Kilatini, wa familia maskini na wanaojifunza Kiingereza wakaongezeka kwa wingi kwenye programu. Uchumi ulipoyumba wakapunguza upimaji ule, na watoto wakapungua tena. Walikuwepo siku zote, hawakuwa na mtu wa kuwajazia fomu.

#22 Mzee_Kifimbo

Nimewasoma wote. Mimi napinga kitu kimoja: kurusha darasa.

Nilirushwa mwaka 1979, Shinyanga, kutoka la tatu kwenda la tano. Hesabu sikupata shida hata siku moja. Shida ilikuwa saa ya mapumziko. Wakubwa walinituma sigara, wadogo niliowaacha wakaniita Bwana Mkubwa. Kuanzia la tano mpaka la saba sikuwa na rafiki. Nilikuwa nakaa chini ya mkungu karibu na choo cha walimu, kwa sababu hapo hakuna aliyekuja kunipiga. Nina miaka 55 na ule mkungu nikifumba macho nauona.

Mgeni, usimwibie mtoto rika lake.

#23 Boksi_Dallas

Pole mzee. Lakini je, ungebaki la tatu ungekuwa na marafiki?

#24 Mzee_Kifimbo

Swali zuri. Sijui. Mdogo wangu alibaki, naye alikuwa na akili kama zangu. Aliacha shule darasa la sita kwa kuchoshwa, akaenda machimboni.

#25 Mwalimu_Prairie

Mzee, asante kwa kuliweka wazi. Ndiyo maana shule nyingi hapa, kabla ya kumrusha mtoto, hutumia kipimo cha Iowa: wanaangalia umri, kimo, hisia zake, kama yuko ndugu yake kwenye darasa analokwenda, na kama mtoto mwenyewe anataka. Mtoto akikataa, unaacha.

Njia ya katikati ni somo moja moja. Terence Tao, yule mwanahisabati wa chuo kikuu cha UCLA, California, alikulia Australia akisoma hesabu na wanafunzi wa sekondari huku masomo mengine akibaki na watoto wenzake wa msingi. Akiwa na miaka 8 alipata 760 kati ya 800 kwenye hesabu za SAT, mtihani wa wanaoomba kuingia vyuo vikuu vya Marekani. Wazazi wake hawakumpeleka mbio kila upande kwa pamoja.

#26 Kaka_Ngosha

Kwa hiyo Mwalimu unasema asihame? Maana mimi bado nasimama na Fairfax. Tofauti niliyoiona kwa kijana wangu siyo kitabu. Siku ya kwanza kwenye darasa lile jipya alirudi akasema, "Baba, nilimwambia mtoto kitu kuhusu mabwawa, akaniuliza swali." Alikuwa na miaka minane na ilikuwa mara ya kwanza mtoto mwenzake kumuuliza swali. Ukimrusha somo moja, rafiki wa kumuuliza maswali humpati.

#27 Nguli_wa_Maryland

@Kaka_Ngosha hapo nakuunga mkono, hata kama jina letu halikutoka.

#28 Dada_Pwani

Jamani, samahani, kuhusu tumbo. Wote tumekubali ni kuchoshwa. Kwani hakuna uwezekano mwingine? Mtoto wa dada yangu aliumwa hivyo hivyo, kumbe kwenye basi kuna mtoto alikuwa anamvuta nywele na kumwita majina.

#29 Bibi_Afya

Sahihi kabisa. Mpelekeni kwa daktari kwanza, tumbo ni tumbo. Halafu macho. Halafu muulizeni nani anakaa naye wakati wa chakula. Usiulize "shule ilikuwaje", atajibu nzuri.

Na kwa mama yake: Ohio, Virginia, Texas na Maryland zote zimo kwenye leseni ya pamoja ya wauguzi. Minnesota na Illinois hazimo. Ukibadili jimbo la makazi unaomba upya, lakini huanzi sifuri.

#30 KijanaWaTabora

Bado nasema Bongo. Mtoto atakua hajui kwao. Wote humu mnajadili CogAT, hakuna aliyeuliza kama Kiswahili chake kimebaki.

#31 Mgeni_Ohio

Kimebaki. Anahesabu kwa Kiswahili, nadhani kwa sababu namba alizikuta kwa bibi yake. Akiwa na miaka mitatu alikaa Morogoro miezi mitano, bibi alikuwa anauza vitumbua na yeye ndiye aliyekuwa anatoa chenji. Mpaka leo akipiga hesabu kubwa utasikia midomo inanong'ona "sitini na tatu, naweka sita".

#32 KijanaWaTabora

Basi huyo ni wa Tabora Wasichana. Nimemaliza.

#33 Chuo_na_Mji

Mimi nije na lingine kabisa. Acheni kuangalia umaarufu wa wilaya, tafuteni mji wenye chuo kikuu. Seattle, Chuo cha Washington kina Robinson Center, wanachukua watoto wanaomaliza la nane moja kwa moja kuandaliwa kwa chuo. Reno kuna Davidson Academy, ilianzishwa 2006 ndani ya kampasi ya chuo, shule ya serikali, bure kwa wakazi wa Nevada, kwa watoto wa juu kabisa tu. Illinois kuna IMSA pale Aurora, ya bweni, kuanzia darasa la kumi.

#34 Boksi_Dallas

Reno kuna Waswahili wangapi mkuu? Msiba ukitokea nani atakuja kukaa nawe?

#35 Chuo_na_Mji

Hilo nalo neno.

#36 Mwalimu_Prairie

@Mgeni_Ohio nijibu la Ngosha: sijasema usihame. Nasema usihame kwa sababu ya jina. Kabla ya kusaini pango popote, piga simu ofisi ya wilaya, omba mratibu wa watoto wenye vipawa, muulize hivi: "Binti yangu wa darasa la pili amemaliza hesabu za darasa la tano. Jumatatu asubuhi atakaa chumba gani, na nani?" Ukisikia habari za falsafa ya wilaya yao, shukuru ukate simu. Ukitajiwa chumba, hapo kuna jambo.

Na uulize nani anampeleka kama chumba kiko jengo jingine. Basi limeshawaangusha wengi.

#37 Mgeni_Ohio

Wakuu, nimerudi.

Jana nilipiga simu tatu wakati wa mapumziko ya zamu, nikiwa ndani ya gari. Wilaya moja ya Virginia yule mama alinijibu hapo hapo: ngazi ya nne inaanza la tatu, shule ya kituo fulani, basi lipo, ila nyaraka zote ziwahi kabla ya kamati kukaa. Dallas wilaya mbili: moja walinihamisha simu mara nne ikakatika. Nyingine walinipa tarehe za mitihani ya kurushwa darasa na wakanitumia orodha ya mada wakati bado naongea.

Hapa kwetu nilikwenda mwenyewe na barua mbili kama Mwalimu alivyosema. Katibu alizigonga muhuri zote, nikaomba nakala. Wamekubali pia kusogeza saa ya "Miss wa picha" isiangukie hesabu, na watampima Kiingereza upya.

Na Dada_Pwani, tulimuuliza nani anakaa naye wakati wa chakula. Alinyamaza muda mrefu, akasema, "Anakaa mlinzi wa kantini. Tunahesabu trei."

Mama yake anataka Virginia. Mimi roho iko Dallas, kuna kaka yangu. Nafasi ya Virginia natakiwa nijibu Ijumaa.

#38 Kaka_Ngosha

Njoo mkuu. Hata kama si Fairfax, njoo Prince William hapo jirani, pango lina nafuu. Wangu wa pili ana miaka saba pia, na yeye anakaa peke yake kantini.

#39 Mzee_Kifimbo

Trei wanazihesabu kwa namna gani?

#40 Mgeni_Ohio

Nimemuuliza mzee. Anasema siku za piza trei chafu zinapungua kwa thuluthi, kwa hiyo anamwambia mlinzi mapema aandae ndoo ngapi.